Nani Ajibu kwa Uonevu wa Afisa? Uchambuzi wa Uwajibikaji Binafsi wa Watumishi wa Serikali Tanzania na Kenya

Madaraka ya umma hutumiwa na watu wenye majina. Husemwa kwamba serikali imemkamata mtu, kwamba halmashauri imebomoa vibanda au kwamba polisi wametawanya mkutano, lakini katika kila tendo la namna hiyo yupo mtu aliyetia saini, aliyepiga simu au aliyeinua kirungu, na mara nyingi yupo mwingine aliye juu yake ambaye aliona akanyamaza. Swali linalochunguzwa hapa linamhusu mtu huyo: anapovuka mipaka aliyowekewa na sheria, yeye mwenyewe, kwa jina lake, kwa uhuru wake na kwa mfuko wake, hujibu vipi, na kwa nini wanaojibu ni wachache mno wakilinganishwa na wanaolalamikiwa? Tanzania na Kenya, ambazo zilirithi misingi ileile ya sheria kutoka kwa Waingereza na kisha zikaijenga kila moja kwa namna yake, zinatoa mifano ya kutosha kulijibu. Hoja itakayotetewa ni kwamba sheria za kumwajibisha afisa zipo, na baadhi yake zimeandikwa kwa ukali, ila mara nyingi aliyeumizwa hawezi kuzitumia mpaka apewe ruhusa na serikali ileile ambayo mtumishi wake amemuumiza.

Kabla ya kuingia ndani ya swali ni vyema kutofautisha namna za uwajibikaji, kwa sababu mijadala mingi huzichanganya. Uwajibikaji wa kisiasa ni ule wa kiongozi kuacha cheo kwa sababu jambo baya limetendeka chini yake, hata kama yeye hakulitenda. Uwajibikaji wa kinidhamu ni ule wa mwajiri kumwonya, kumshusha cheo au kumfukuza mtumishi. Uwajibikaji wa jinai humfikisha mtu kizimbani na pengine gerezani. Na uwajibikaji wa madai humlazimu mkosaji kumlipa fidia aliyemdhuru. Mfano mkubwa wa aina ya kwanza nchini Tanzania ulitokea mwanzoni mwa mwaka 1977, pale Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alipojiuzulu kufuatia vifo vya watu walioteswa mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga wakati wa msako wa wauaji. Kitendo kile kinastahili heshima hadi leo, na hakikumzuia mhusika kuwa rais wa nchi mwaka 1985. Hata hivyo kujiuzulu kwa waziri hakujibu swali la nani alimpiga nani katika chumba gani, na ndiyo maana baadhi ya maofisa walishtakiwa na kuhukumiwa baadaye, kila mmoja kwa tendo lake.

Mahali pa kulitazama swali hili kwa karibu zaidi ni mamlaka ya wakuu wa mikoa na wakuu wa wilaya ya kuamuru mtu akamatwe, ambayo wananchi huyaita kwa kifupi "kuwekwa ndani". Chimbuko lake ni utawala wa kikoloni, ambamo afisa wa wilaya alikuwa mtawala, msimamizi wa polisi na mara nyingi hakimu pia. Baada ya uhuru, sheria mbili za mwaka 1962, moja ya wakuu wa mikoa na nyingine ya wakuu wa maeneo, ziliyahifadhi mamlaka hayo kwa viongozi wapya walioteuliwa kisiasa. Tume ya Jaji Francis Nyalali, ambayo inakumbukwa zaidi kwa kupendekeza mfumo wa vyama vingi, iliziweka sheria hizo mwaka 1992 katika orodha yake ya sheria 40 kandamizi zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa. Badala ya kuyaondoa mamlaka hayo, Bunge liliyahamishia katika Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997, safari hii yakiwa yamezungushiwa masharti.

Masharti hayo yanafaa kusomwa kwa makini, kwa kuwa yanaonyesha jinsi sheria nzuri inavyoweza kukosa meno. Mkuu wa wilaya anaweza kuamuru kukamatwa kwa mtu aliyetenda kosa mbele yake, au anayejulikana kwake kuwa ametenda kosa linaloweza kumfikisha mtu mahakamani, au ambaye kuna sababu ya kuamini kwamba atavunja amani na hakuna njia nyingine ya kumzuia. Sababu za kumkamata lazima ziandikwe, hakimu lazima apewe taarifa hiyo ya maandishi, na aliyekamatwa lazima afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, la sivyo aachiwe na asikamatwe tena kwa sababu ileile. Zaidi ya hayo, sheria yenyewe inatamka kwamba kiongozi atakayetumia mamlaka hayo vibaya anaweza kushtakiwa chini ya kifungu cha 96 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomhusu mtumishi wa umma anayetenda au kuamuru litendwe tendo la kionevu linalodhuru haki za mtu mwingine kwa kutumia vibaya mamlaka ya cheo chake. Ni nadra kupata sheria ya utawala inayompa afisa mamlaka na papo hapo ikamtajia kosa la jinai litakalomngoja akiyatumia vibaya.

Katika utekelezaji mambo huwa mengine. Daktari aliyechelewa kumpokea kiongozi hospitalini, mtendaji wa kijiji aliyeshindwa kutoa takwimu za michango mbele ya mkutano, mwandishi wa habari aliyeuliza swali lisilopendeza: hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyetenda kosa la jinai, na bado watu wa namna hii ndio ambao amri za kuwekwa ndani zimekuwa zikiwaangukia, tena hadharani na mbele ya kamera. Amri hutolewa kwa mdomo, askari aliyesimama nyuma ya kiongozi huitekeleza, na mtu hulala mahabusu. Akikamatwa Ijumaa jioni, saa 48 humalizikia Jumapili jioni wakati mahakama zimefungwa, na akiachiwa kabla ya Jumatatu hakuna hakimu aliyeona jina lake wala karatasi yoyote iliyobaki. Saa 48, ambazo katika sheria ni ukomo wa juu wa kumshikilia mtu kabla ya kumpeleka kwa hakimu, zimegeuzwa kuwa kifungo kamili kisicho na shtaka, hukumu wala rufaa. Viongozi wakuu wa nchi wamekemea tabia hii zaidi ya mara moja, lakini karipio la mkubwa kwa mteule wake si adhabu ya kisheria, na halimrudishii aliyelazwa mahabusu chochote alichopoteza.

Kwa nini basi kifungu cha 96 hakifanyi kazi? Sababu ya kwanza imo ndani ya kifungu chenyewe: hakuna mtu anayeweza kushtakiwa kwa kosa hilo bila idhini ya Mkurugenzi wa Mashtaka, yaani afisa mkuu wa serikali mwenye uamuzi wa mwisho juu ya nani apelekwe mahakamani kwa jinai. Afisa huyo huteuliwa na Rais, kama anavyoteuliwa mkuu wa wilaya. Upelelezi nao hufanywa na polisi, na mkuu wa wilaya ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya ambamo mkuu wa polisi wa wilaya ni mjumbe. Anayetaka kulalamika analazimika kuandikisha maelezo yake kwa mtu anayeketi meza moja na anayelalamikiwa. Hata pale maofisa hawa wanapokuwa waadilifu, na wengi ni waadilifu, mpangilio huu unawataka wawe mashujaa ili watimize wajibu wa kawaida, na mfumo unaotegemea ushujaa haujatengenezwa vizuri.

Suala la Lengai Ole Sabaya, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Hai, linafundisha jambo katika hili bila kuhitaji kuamua lolote juu ya hatia yake. Malalamiko dhidi yake yalikuwa yakisikika hadharani kwa muda mrefu, lakini hatua za kisheria zilianza baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kumsimamisha kazi Mei 2021. Mashtaka yaliyomletea hukumu ya kifungo cha miaka 30 mwezi Oktoba mwaka huo yalikuwa ya unyang'anyi wa kutumia silaha, na Mahakama Kuu iliitengua hukumu hiyo Mei 2022. Mahakama ilifanya kazi yake, na haki ya mshtakiwa ya kuachiwa pale ushahidi au utaratibu unapopungua ni haki ileile inayodaiwa kwa ajili ya raia anayewekwa ndani. Kinachopaswa kuangaliwa ni mpangilio wa matukio: cheo kilitangulia kuondolewa, kesi zikafuata. Maana yake ni kwamba anayelindwa na imani ya aliyemteua hana wa kumgusa, na siku imani hiyo ikiondoka yuko hatarini kuandamwa kwa mashtaka mazito mno. Hali zote mbili ziko mbali na utawala wa sheria.

Tofauti kubwa huonekana pale anayeumia ni Hazina. Basil Mramba na Daniel Yona, waliokuwa mawaziri wa fedha na wa nishati, walifikishwa mahakamani mwaka 2008 kuhusu msamaha wa kodi uliotolewa kwa kampuni ya ukaguzi wa dhahabu ya Alex Stewart kinyume cha ushauri wa Mamlaka ya Mapato, na mwaka 2015 wakapatikana na hatia ya kutumia madaraka vibaya na kuisababishia serikali hasara ya shilingi bilioni 11.7. Kifungo cha miaka mitatu kilipunguzwa, na sehemu iliyobaki wakaitumikia kwa kufanya usafi katika hospitali ya Sinza Palestina jijini Dar es Salaam. Hata TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, ina kosa lake la matumizi mabaya ya madaraka, lakini kosa hilo limejengwa juu ya kupata manufaa yasiyo halali, hivyo afisa aliyemtesa au kumdhalilisha raia bila kuchuma kitu si rahisi kunaswa nalo. Hasara ya serikali ina mlalamikaji mwenye nguvu, wapelelezi na mawakili, kwa sababu mlalamikaji ni serikali yenyewe. Mtu aliyelazwa sakafuni kwa siku mbili hana hata kimoja kati ya hivyo. Kipimo cha taifa linaloheshimu watu wake ni kwamba makosa haya mawili yafuatiliwe kwa bidii ileile, na kipimo hicho bado hakijafikiwa.

Njia ya madai ingeweza kuziba pengo hili, kwa kuwa humpa aliyedhurika uamuzi wa kufungua shauri. Historia yake nchini Tanzania ina ushindi mmoja mkubwa. Zamani hakuna aliyeweza kuishtaki serikali bila serikali yenyewe kukubali, mpaka Mahakama ya Rufani, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun la mwaka 1993, ilipotamka kwamba sharti hilo lilikiuka Katiba, kwa sababu lilizuia haki ya mtu ya kufika mahakamani, mshtakiwa akiwa ndiye anayeamua kama atashtakiwa. Bunge lilijibu mwaka uliofuata kwa kuweka sharti la notisi ya siku 90 badala ya idhini. Leo mlalamikaji anatakiwa kutoa notisi hiyo, kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwenda Mahakama Kuu. Mkulima wa Kibondo au mvuvi wa Kilwa aliyepoteza siku mbili za kazi akipima gharama ya wakili, nauli na miaka ya kusubiri, ataamua kusamehe, na kila afisa analijua hilo.

Hata anayeshinda hukutana na tatizo la pili, ambalo chanzo chake ni dhima ya mwajiri, kanuni inayosema kwamba mwajiri hubeba mzigo wa kosa alilotenda mtumishi wake akiwa kazini. Kanuni hii ina faida, kwani serikali ina uwezo wa kulipa ambao konstebo hana, lakini ikiachwa peke yake humtoa mkosaji kabisa katika picha. Nchini Kenya, watu walioteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House wakati wa utawala wa Daniel arap Moi walianza kupata ushindi mahakamani zaidi ya miongo miwili baadaye. Mwaka 2010 peke yake Mahakama Kuu iliwapa fidia watu 21 kwa pamoja. Fedha hizo zilitoka kwa walipa kodi, wakiwemo walioteswa wenyewe, huku waliotesa wakiendelea kula pensheni. Uganda ilijaribu dawa ya tatizo hili katika Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya mwaka 2019, ambayo ilitamka kwamba mtumishi wa umma anayekiuka haki za mtu atawajibika yeye binafsi hata kama serikali nayo inawajibika, na kwamba mahakama inaweza kumwamuru alipe sehemu ya fidia. Kuandikwa kwake si sawa na kutekelezwa, ila kanuni yenyewe ni sahihi: serikali imlipe aliyeumia upesi, kisha imgeukie mkosaji.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ina wazo la aina hiyo, ingawa kwa upande wa fedha tu, kwani ibara ya 226 inamtaka afisa aliyeidhinisha matumizi ya fedha za umma kinyume cha sheria arudishe hasara hata baada ya kuondoka ofisini. Kwa upande wa haki za watu, majaji wa Kenya wametumia zaidi mamlaka yao ya kuadhibu dharau ya mahakama, yaani ukaidi dhidi ya amri halali ya jaji. Machi 2018, katika suala la mwanasiasa Miguna Miguna aliyefukuzwa nchini licha ya amri za mahakama, Jaji George Odunga aliwatoza faini ya shilingi 200,000 kila mmoja Waziri Fred Matiang'i, Inspekta Jenerali wa Polisi Joseph Boinnet na Katibu wa Uhamiaji Gordon Kihalangwa, na akaamuru fedha hizo zikatwe katika mishahara yao. Septemba 2024 Kaimu Inspekta Jenerali, Gilbert Masengeli, alihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kupuuza wito wa mahakama uliomtaka aeleze waliko watu watatu waliotoweka Kitengela. Watu hao walipatikana wakiwa hai kabla kifungo hakijaanza, naye akafika mbele ya jaji na kuomba radhi, hukumu ikaondolewa.

Nguvu ya njia hii ni kwamba jaji huitumia bila kuomba ruhusa ya mpelelezi wala ya mwendesha mashtaka, na humgusa mtu kwa jina lake. Udhaifu wake ni kwamba huadhibu ukaidi kwa mahakama, ilhali dhuluma yenyewe hubaki bila hukumu, na ukaidi huo huweza kudumu: Miguna hakurejea Kenya hadi Oktoba 2022, baada ya serikali kubadilika.

Limebaki swali gumu kuliko yote, la ngazi za amri. Septemba 2, 2012, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa kwa bomu la machozi katika kijiji cha Nyololo mkoani Iringa, Tanzania, mbele ya kikosi cha polisi chenye maofisa wa ngazi za juu. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ililaumu namna uongozi wa polisi wa mkoa ulivyolishughulikia tukio lile. Aliyehukumiwa, mwaka 2016, kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia, alikuwa konstebo mmoja. Hukumu ile haikuwa ya bure, kwa sababu ilithibitisha kwamba sare haimfuti mtu jina, lakini iliacha hisia kwamba uwajibikaji hushuka ngazi kama maji na kutua kwa aliye chini kabisa. Sheria ya kimataifa ya jinai ina kanuni ya wajibu wa kamanda, inayomtia hatiani mkubwa aliyejua au aliyepaswa kujua kwamba walio chini yake wanatenda uhalifu naye asiwazuie wala kuwaadhibu. Kenya iliiingiza kanuni hiyo katika sheria zake mwaka 2008, na mwaka 2022 ofisi ya mashtaka iliidhinisha kesi ya uhalifu dhidi ya binadamu dhidi ya maofisa wa polisi, makamanda wakiwemo, kuhusu ukatili uliofuata uchaguzi wa 2017 mjini Kisumu, ambako mtoto mchanga wa miezi sita alipigwa nyumbani kwao Nyalenda, kisha akafa. Mwenendo wa kesi hiyo umekuwa wa kusuasua, na kusuasua huko ni aibu kwa dola, lakini msingi wa kisheria umewekwa.

Anayelalamika naye huhitaji ulinzi. Nchini Kenya, wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wa teksi waliuawa Juni 2016 walipotoka mahakamani Mavoko, na mteja huyo alikuwa amemlalamikia askari mmoja kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendaji wa Polisi. Askari watatu na mpasha habari wao walipatikana na hatia mwaka 2022, na askari aliyelalamikiwa akahukumiwa kifo mwaka uliofuata.

Wapo wanaoonya, kwa haki, kwamba afisa anayeogopa kushtakiwa kwa kila uamuzi ataacha kuamua. Profesa Costa Mahalu, aliyekuwa balozi wa Tanzania nchini Italia, alishtakiwa mwaka 2007 kuhusu ununuzi wa jengo la ubalozi jijini Roma, akakaa na kesi hiyo kwa miaka mitano, Rais mstaafu Benjamin Mkapa akapanda kizimbani kumtetea, na mwaka 2012 mahakama ikamwachia huru. Miaka mitano ya mtu hairudishwi. Hofu hii, hata hivyo, inahusu maamuzi ya hiari, yale ambayo sheria humwachia afisa achague kati ya njia kadhaa halali, na ulinzi wa mtu aliyetenda kwa nia njema unapaswa kubaki imara hapo. Kumlaza mtu mahabusu bila kosa, kumpiga, au kukaidi amri ya mahakama hakumo katika hiari ya afisa yeyote, na hakuna nia njema inayoweza kukuhalalisha.

Bunge la Tanzania lina uwezo wa kubadili sehemu kubwa ya hali hii kwa muswada mfupi: kufuta sharti la idhini katika kifungu cha 96 ili aliyeonewa aweze kumfikisha mkosaji mbele ya hakimu, na kuzipa mahakama uwezo wa kumtoza afisa sehemu ya fidia kutoka mshahara wake. Ama mamlaka ya kuweka watu ndani, ambayo yalilaumiwa na Tume ya Nyalali tangu mwaka 1992, yafutwe kabisa, kwa kuwa polisi wanayo tayari mamlaka ya kutosha ya kukamata wahalifu. Hadi hapo yatakapofutwa, ndugu wa mtu aliyewekwa ndani waandike saa aliyokamatwa, kituo alichopelekwa, jina la askari aliyempokea na jina la kiongozi anayetajwa kutoa amri, kisha wapeleke barua yenye maelezo hayo kwa hakimu wa wilaya na kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora kabla saa 48 hazijapita, na nakala yao wahakikishe imegongwa muhuri wa kupokelewa.